Wewe Simama Nje



Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mstari wa 10 na wa 11. Mtu amemkopesha jirani yake, siku ya rehani imefika, naye anakwenda kuichukua. Deni ni deni, na haki iko upande wake. Hata hivyo Torati haimruhusu avuke mlango. Anaambiwa asimame nje, huko huko uani, mpaka mwenye nyumba atoke mwenyewe na kumletea rehani mkononi. Mwenye nyumba huyo ana deni. Pengine hana hata unga wa jioni. Lakini kizingiti ni chake, na mkopeshaji, kwa haki yake yote, anangoja juani.

Angalieni jambo hili kwa makini. Musa hakumwambia mkopeshaji kwamba hana haki. Hakumpunguzia hata senti moja. Alimwonyesha tu mahali pa kusimama.

Leo nimekuja kwa mtu mmoja mwenye haki yake. Namjua, nanyi mnamjua. Ana cheti cha silaha alichopewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Bastola yake hakuiba, wala hakuinunua gizani kwa watu wa mpakani. Aliomba, akachunguzwa, akapewa. Jumamosi jioni anaingia hotelini hapa Kakamega, koti limetuna upande wa kulia wa kiuno, anavuta kiti karibu na kaunta, anaagiza kuku. Mwenye hoteli, mama aliyeanza na jiko moja la makaa na sufuria mbili, anauona ule uvimbe wa koti. Anameza mate. Anauliza kama kuku awe wa kukaanga au wa mchuzi.

Kwa mtu huyo na kwa mama huyo nina neno moja: mlango ni wa mama. Akisema bunduki isiingie, haingii.

Wako watakaonijibu kwamba kubeba silaha ni haki yao ya kikatiba. Ibara gani, ndugu yangu? Isome Katiba ya 2010 yote. Ibara ya 26 inalinda uhai. Ibara ya 40 inalinda mali. Haki ya raia kubeba bunduki haimo, hata ukiisoma kwa darubini. Kilichopo ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akiwa hapati usingizi kwa kuwaza nani ana bunduki. Sheria hiyo inamkataza afisa kumpa cheti mlevi, au mtu asiye na akili timamu, au yeyote asiyefaa kuaminiwa na silaha. Inafanya kuwa kosa kulewa au kuleta fujo ukiwa umeibeba. Inakutaka uihifadhi mahali salama. Umeaminiwa, basi, na aliyekuamini anaweza kubadili nia. Desemba 2018 Waziri Fred Matiang'i aliwaamuru wenye silaha wote nchini wajitokeze kukaguliwa upya, na asiyejitokeza akaambiwa atahesabiwa kuwa na silaha haramu. Waziri mmoja, tangazo moja, na wakubwa wakapanga foleni.

Mama mwenye hoteli hakupanga foleni ili aruhusiwe kufunga mlango wake. Haki yake haina tarehe ya kuisha. Tunayo pia sheria ya kuwazuia watu wasiingie kwenye ardhi ya mwenyewe, Sura ya 294: kuingia au kubaki humo bila ridhaa yake, na bila sababu ya maana, ni kosa. Msiniambie kwamba hoteli ni mahali pa umma. Anayefungua biashara huwakaribisha watu wale, wanywe, wanunue, walipe. Mwaliko una mipaka yake. Mteja aliyekaribishwa chai hajakaribishwa jikoni, wala chumbani kwa mama, wala hajaambiwa aje na silaha.

Sasa simameni nami kidogo langoni mwa hoteli kama hizi tulizo nazo kando ya barabara ya Mumias. Bawabu ana rungu, tochi, na kile kijiti cheusi cha kukagulia chuma. Anakuja kijana wa bodaboda, ameleta kuku wawili wamefungwa miguu. Kijiti kinalia: funguo. Kinalia tena: simu. Kijana anaambiwa ainue mikono, ageuke, avue helmeti, na kuku wanageuzwa pamoja naye. Inafuata Probox. Kioo kinapitishwa chini ya gari, buti linafunguliwa, gunia la mahindi linabonyezwa bonyezwa kama lina siri. Kisha inakuja Prado nyeusi. Bawabu anatia kijiti kwapani, anapiga saluti, anafungua lango kwa mikono miwili. Na bunduki pekee iliyopita hapo siku nzima imo ndani ya Prado hiyo.

Huo ni ulinzi wa nani? Niambieni! Tunawapekua kuku na kuipigia bastola saluti!

Bawabu mwenyewe simlaumu. Sheria ya mwaka 2016 ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi inampa nguvu ya kumpekua anayeingia, na haikuandika kwamba ampekue wa bodaboda peke yake. Lakini hana bunduki, wala haruhusiwi kuwa nayo kazini, na mshahara wake mnaujua. Akimzuia mkubwa, mkubwa atapiga simu, na kesho yake kiti cha bawabu kitakuwa na mtu mwingine. Amepewa kijiti, hakupewa maagizo. Mwenye kutoa maagizo yuko ndani, nyuma ya kaunta, anahesabu mauzo, na yeye ndiye nitakayemrudia.

Twende kwanza Gethsemane. Najua mmoja wenu amekwisha kufungua Luka 22 anisomee pale Bwana anapowaambia wasio na upanga wauze vazi wanunue. Sawa. Andiko hilo silikimbii. Tuufuate basi upanga huo tuone ulikokwenda. Wanafunzi walikuwa na panga mbili. Usiku ule likaja kundi na mienge na silaha, wakuu wao wakiwapo, msaliti akiwa karibu kiasi cha kubusu. Petro akachomoa. Alimpata nani? Akida? Hapana. Yuda? Hapana! Yohana anatupa jina: alimpata Malko, mtumishi wa Kuhani Mkuu, mtu aliyetumwa kazi usiku na bosi wake, akamkata sikio la kuume. Petro hakuwa amelewa. Nia yake ilikuwa safi kuliko nia ya yeyote kati yetu, maana alikuwa akimtetea Mwana wa Mungu. Na bado chuma chake kilimwacha adui kikampata mfanyakazi.

Januari 2020, katika klabu moja ya usiku mtaani Kilimani, Nairobi, risasi ilimpata shingoni DJ wa hapo, Felix Orinda, ambaye wengi wanamjua kama DJ Evolve. Mbunge mmoja alishtakiwa. Shtaka la kujaribu kuua liliondolewa mwaka 2021, na Desemba 2023 mahakama ikamwachilia kwa shtaka la kufanya fujo akiwa na silaha. Mahakama imesema, nami siketi juu ya mahakama. Ninalohubiri halihitaji hatia ya mtu yeyote. Bastola ilikuwamo ndani ya klabu saa za kuelekea alfajiri, penye pombe na makelele na watu wamesongamana, na aliyelala hospitalini miezi na miezi ni mtu wa muziki.

Malko wetu ni nani? Ni msichana anayebeba trei ya soda nane kwa mkono mmoja. Ni kijana wa kaunta aliyesema bili bado haijalipwa. Ni mama anayeosha vyombo nyuma ya ukuta wa mabati, ukuta ambao risasi haiutambui. Mkubwa akikosana na mkubwa mwenzake juu ya siasa za Lurambi au juu ya mwanamke, wao wawili watapatanishwa na wazee kabla ya mwezi kuisha. Malko ndiye atakayebaki na jeraha. Na Petro wa Kakamega hana Bwana wa kusimama kando yake amrudishie mtu sikio lake.

Kuna hoja ambayo sisi wahubiri wa amani tunapenda kuipita mbio. Mimi sitaipita. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Kabla serikali haijajipanga, raia wenye bastola za leseni waliingia kuwatoa watu, mmoja wao Abdul Haji, mwana wa aliyekuwa seneta wa Garissa, baada ya kupata ujumbe kwamba ndugu yake amenaswa ndani. Wako watoto wanaopumua leo kwa sababu ya watu hao. Nawashukuru kwa moyo wote, na mhubiri asiyewashukuru amwombe Mungu ampe macho.

Lakini tazama jinsi walivyoingia. Waliitwa. Kila mwenye duka aliyekuwa amelala chini ya rafu, kila keshia aliyeziba mdomo wa mtoto wa mtu asilie, alikuwa akiomba waje. Mwenye nyumba akilia, ingia, hata kwa dirisha! Torati haimwambii mtu asimame nje nyumba ikiwaka. Ninayemsema mimi ni yule ambaye hakuna aliyemwita, ambaye hakuna gaidi anayemfuata ila mhudumu mwenye menyu, na bado anaweka bastola mezani kando ya kachumbari ili wa meza ya pili waione. Huyo asijifunike na damu ya Westgate.

Na siku ile ile, iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi cha polisi cha Recce cha GSU aliuawa kwa risasi za wanajeshi waliomdhania adui. Hao walikuwa watu waliofunzwa kwa miaka. Sasa chukua hoteli yenye watu mia, wanane kati yao wana bastola chini ya makoti na hakuna anayemjua mwenzake. Taa zizimike. Chupa ipasuke. Nani ni nani?

Mtasema tena: jambazi hasomi kibao. Kweli, hasomi. Kibao hakikuandikwa kwa ajili yake. Jambazi ana polisi, ana mahakama, na Mungu yupo. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa 8,000 na kitu. Hao wa 8,000 ndio ninaozungumza nao, kwa sababu ndio wanaoweza kunisikia. Wamesoma. Wana jina la kulinda. Wengine ni wazee wa kanisa. Mtu mwema kabisa, aliyeamka na sala, anaweza kufika saa nne usiku akiwa na chupa tatu tumboni na tusi moja sikioni, na kiuno chake kikampa jibu ambalo akili yake isingempa. Kibao ni cha huyo. Kinamlinda yeye kwanza.

Na wale mnaotazama sinema za Marekani mkadhani huko kila mlango uko wazi kwa bastola, nisikilizeni. Huko haki ya kubeba silaha imo ndani ya Katiba yao tangu 1791. Juni 2022 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Bruen, ilisema inamfuata mtu hata akitoka nyumbani. Bunduki zao zimezidi idadi ya watu. Hata hivyo Texas, Texas yenyewe, mwenye duka asiyetaka silaha ndani anabandika kibao mlangoni, na sheria inaeleza kiweje: maandishi ya Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja, mahali pa kuonekana na wote. Hawaii ilisonga mbele zaidi. Mwaka 2023 ilitunga sheria kwamba usiingie dukani kwa mtu na bunduki mpaka mwenyewe akuruhusu. Wenye silaha wakaipinga, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza kesi yao. Ubishi wao ni nani aanze kusema, mgeni aombe ruhusa au mwenyeji akataze. Kwamba mwenyeji akishakataza atiiwe, hilo halina ubishi hata kwa wenye bunduki. Ikiwa wale wenye haki iliyoandikwa wanatii kibao, sisi wenye cheti cha kuazimwa tutatii nini?

Hapa kwetu swali la nani aanze lina jibu kabla Hawaii haijawa jimbo la mtu. Mgeni ndiye anayepiga hodi. Anapiga mara ya kwanza, anangoja. Anapiga mara ya pili, anangoja. Akipiga ya tatu asijibiwe anarudi alikotoka, na hakuna mtoto wa Kiluhya aliyelelewa akalelewa asiyelijua hilo. Ukija na mkuki unauegemeza nje ukutani, ndipo unainama kuingia.

Nchi hii ya magharibi inamjua mwenye bunduki asiyepiga hodi. Mwaka 1895 Charles Hobley aliongoza kikosi dhidi ya Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, wakawafuata watu ndani ya ngome zao wenyewe, na walioanguka humo wajukuu zao wako hai, wanasimulia. Februari 1948 huko Malakisi polisi walifyatua risasi juu ya wafuasi wa Dini ya Msambwa, na watu 11 wakafa. Sisemi kwamba mfanyabiashara mwenye bastola ni Hobley. Nasema tumeshajifunza, kwa gharama ambayo hakuna kabila linalopaswa kuilipa mara mbili, jinsi ilivyo kuketi kwako na mwenye silaha ndiye anayeamua nani azungumze.

Niseme mahali nilipo nisije nikadhaniwa nawaficha jambo. Mimi ni wa kanisa la Marafiki. Ushuhuda wetu wa amani uliandikwa mwaka 1660, Marafiki wa Uingereza walipomweleza Mfalme Charles wa Pili kwamba hawatapigana kwa silaha za dunia, na mwaka 1902 wamishonari wetu wakafungua kituo Kaimosi, mwendo mfupi kutoka hapa. Kwa hiyo mkiniuliza, bastola nzuri ni ile iliyorudishwa serikalini. Lakini hayo ni mahubiri ya siku nyingine, na Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu anayesoma karatasi hii hadaiwi aamini ninavyoamini. Leo nadai kitu kidogo sana. Kidogo hata aibu kukinyima. Bakini nazo, basi, ikiwa sheria imewapa. Lakini kwa mwenzenu, bila ruhusa yake, msiingie nazo.

Wenye biashara, naona mnapiga makofi. Wekeni mikono chini, zamu yenu imefika!

Ninyi ndio mliomwachia bawabu mzigo usio wake. Ninyi ndio mnaojua bastola imeingia na mnakaa kimya kwa sababu mwenye bastola hulipia kaunta nzima. Mmeuza usalama wa msichana wa trei kwa bili ya usiku mmoja, na kesho yake mnamkata mshahara kwa glasi iliyovunjika. Halafu Jumapili mnatoa fungu la kumi. Mungu anaikubali noti hiyo? Haya, jibuni wenyewe, mimi sitawajibia.

Na wengine wenu mnaitumia haki ya mlango vibaya. Baada ya Westgate tuliona kijana wa Kisomali, mzaliwa wa hapa hapa Kambi Somali, anapekuliwa mara mbili pale ambapo Mluhya anapekuliwa mara moja. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi, na haiikatazi serikali peke yake. Inamkataza hata mtu binafsi. Mlango wako una nguvu juu ya chuma. Hauna nguvu juu ya kabila la mtu, wala buibui la mama, wala viatu vilivyochanika vya mkulima aliyekuja kuuza maziwa. Ukimzuia mtu kwa jina lake huku ukipitisha bastola kwa jina la mwenyewe, hiyo haki ya mali unayoililia umeinajisi kwa mikono yako.

Najua mnaogopa. Kumkatalia mkubwa kuna bei, na Biblia haikuificha. Nabothi wa 1 Wafalme 21 alimwambia mfalme kwamba shamba la baba zake haliuzwi, na wakamuua kwa mawe kwa ushahidi wa uongo. Kakamega hawatakupiga mawe. Watakutumia afisa wa leseni. Atahesabu vyoo vyako. Atagundua mtungi wa kuzimia moto umepitwa na tarehe. Atauliza ukuta ulipakwa rangi lini, jambo ambalo hakuwahi kuuliza miaka yote alipokuwa akila pilau hapo. Nabothi alikuwa peke yake, na hapo ndipo Yezebeli, mke wa mfalme, alipompatia. Basi msiwe peke yenu! Wenye hoteli wote wa mjini, wenye klabu, wenye maduka makubwa, wa hadwea, wa petroli, kutaneni siku moja, bandikeni vibao siku moja. Mkubwa akikataliwa hapa aende pale, akute kibao kile kile. Aende Amalemba, akute kile kile. Afisa wa leseni hana vidole vya kuhesabu vyoo vya mji mzima kwa siku moja.

Na nyumba ya Bwana ianze, maana hatuwezi kumwagiza mama mwenye hoteli jambo ambalo mchungaji ameshindwa. Ni wangapi tumeketisha mbele, kiti cha kitambaa cheupe, mtu ambaye walinzi wake wamesimama madhabahuni na bunduki begani, kwa sababu kuna harambee ya paa? Septemba 2021, huko Butere katika kaunti hii hii yetu, siku Mchungaji Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani, na vigogo wa nchi walikuwa wameketi wanasikia. Mbingu haikuanguka. Mwenyeji alisema neno, wageni wakatii, ibada ikaendelea. Lile lilikuwa neno juu ya midomo. Tunashindwaje neno juu ya bunduki?

Askari wa serikali aliyeko kazini, anayemfuata mhalifu au aliyekuja kisheria, simsemi hapa, mpisheni. Lakini polisi akiwa mapumzikoni, hana sare, ameketi na marafiki mbele ya chupa, huyo ni mteja, na kibao kinamhusu.

Sasa kazi. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa herufi ambazo mtu wa miwani anaziona akiwa bado ndani ya gari. Kiwekwe langoni, kabla ya kaunta, maana mtu akishaketi ni vigumu kumwinua. Bawabu aagizwe kwa maandishi, mwajiri atie sahihi, ili mkubwa akikasirika bawabu aonyeshe karatasi badala ya kujieleza. Kijiti kipite kwa wote, Prado na Probox. Msimpe bawabu bastola ya mtu aishike. Hana cheti, na mtamtia mashakani. Mwenye uwezo aweke sefu ndogo ya chuma iliyofungwa ukutani kwa boliti, mwenye silaha aitoe risasi mwenyewe, aifungie mwenyewe, ufunguo ubaki mfukoni mwake mpaka anapoondoka. Mwenye kukosa sefu amwombe mgeni airudishe nyumbani, na amwekee chakula chake kisipoe.

Wafanyakazi, ninyi kina Malko, msinyamaze. Mkiona bastola imepita, mwambieni mwajiri mkiwa watatu au wanne, asije akamfukuza mmoja.

Na wawakilishi wa wadi nao wasikie. Kutoa leseni za pombe ni kazi ya kaunti. Katiba yenyewe iliwapa. Bunge la Kaunti ya Kakamega linaweza kuandika sharti moja: pombe inapouzwa, silaha ya mteja haiingii, na mwenye baa anayeipitisha hapati leseni mwaka unaofuata. Mtafute mwakilishi wako. Mnajua anapokunywa chai. Mwulize kama atalipeleka, na jibu lake uliandike. Uchaguzi ni Agosti 2027, misafara itakuwa imejaa hoteli zetu miezi mingi kabla ya hapo, na kila msafara utakuja na makoti yake yaliyotuna. Sharti lipitishwe kabla misafara haijaanza.